Mfasiri wa Filamu Isiyosema

Filamu ilipoanza bila sauti, watu waliojaa katika ukumbi wa Bwana Asani walidhani spika imekufa.

"Sauti! Bwana Asani, sauti! Tulilipia macho na masikio!"

Bwana Asani akaondoka mlangoni alipokuwa anakusanya pesa, akapita katikati ya mabenchi, akaipiga spika kofi moja, kisha jingine, kama mtu anayemwamsha mlevi. Spika ikanguruma. Ilikuwa hai. Akachomoa waya, akaupuliza, akaurudisha. Kwenye skrini alionekana mwanamume wa rangi ya majivu aliyevaa joho lenye mikono mipana. Alifungua mdomo, akaufunga. Kisha picha ikakatika na mahali pake pakatokea maandishi yaliyosimama wima, mstari mmoja mmoja, kama siafu wanaopanda ukuta.

"Ni ya Japon," Bwana Asani alisema, naye mwenyewe akionekana kuonewa. "Yule muuzaji wa Bukavu aliniambia Japon. Nikajua ni karate."

"Karate ya mababu!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma. "Rudisha pesa!"

Yvette alikuwa ameketi mbele kabisa, juu ya mkeka, na mdogo wake Bruno mapajani. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na katika ukumbi ule hakulipa kitu, kwa sababu mtu aliyesimama kando ya skrini na kipaza sauti mkononi alikuwa baba yake, Gédéon, mfasiri.

Hapa Kasongo hakuna anayetoa pesa kutazama filamu isiyokuwa na mfasiri. Filamu zinakuja na Kichina chake, na Kihindi chake, na Kiingereza cha Wamarekani, na mfasiri anasimama pale, anashusha sauti yao kidogo, anawasemesha Kiswahili cha kwetu. Katika kinywa cha Gédéon, jenerali wa Kichina aliamkia kama mtu wa sokoni, polisi wa Amerika waligombana juu ya bei ya majani ya sombe, na bibi harusi wa Kihindi alimlalamikia mama mkwe anayekaa Wamaza. Watu walisema Gédéon anajua lugha saba. Yvette alipolisema jambo hilo shuleni aliongeza ya nane.

"Tulieni," Gédéon alisema sasa kwenye kipaza sauti. "Filamu iko nzuri. Huyu munayemuona ni fundi mukubwa wa karate. Amejificha katika kijiji hiki, anangojea adui zake."

Watu wakatulia. Fundi mkubwa wa karate akachukua ufagio, akafagia mlango wa nyumba yake.

"Anafanya mazoezi ya mikono," Gédéon alieleza.

Kisha akatoka mtoto mdogo, akapiga chafya, na fundi wa karate akampangusa kamasi kwa upindo wa joho. Ukumbi mzima ukacheka. Gédéon naye akacheka ndani ya kipaza sauti, na kuanzia hapo akaiacha karate. Alianza kusema tu yale aliyoyaona, polepole, kama mtu anayepapasa njia.

Ilikuwa habari ya baba aliyenunua kofia mpya ili aende kumwamkia tajiri wake, na mtoto wake wa kiume aliyeikalia kofia hiyo kwa bahati mbaya. Dada mtu akajaribu kuinyoosha kwa mvuke wa chungu, ikazidi kunywea. Wakaazima kofia ya jirani aliyelala, wakaiona ndogo. Wakaibadilisha na ya mpiga picha mmoja wa mtaani, wakaiona kubwa. Mwisho baba akaenda kwa tajiri na kofia iliyomfunika macho, akaiinamia nguzo ya nyumba akidhani ni bosi. Gédéon akaitolea nguzo ile salamu zote za Kasongo, za mke, za watoto, za shamba, mpaka mama mmoja akaomba watu wamshike, anakufa kwa kicheko.

Lakini baba aliporudi nyumbani, mvulana alimtolea ile kofia iliyovunjika kutoka chini ya matandiko. Baba akaketi kizingitini. Akaishika, akaiangalia. Mdomo wake haukufunguka na maandishi hayakutokea. Gédéon akainua kipaza sauti, akakishusha. Kwa muda mrefu ukumbi ulisikia tu jenereta likinguruma nje. Kisha yule baba akaivaa kofia vilevile ilivyo, imebonyea upande, na mtoto akacheka, na filamu ikaisha.

Hakuna aliyedai pesa yake tena.

Njiani kurudi nyumbani Bruno alikuwa mabegani mwa baba yake. Yvette alitembea kando.

"Papa," hatimaye alisema, "wale watu hawakuwa wanatoa sauti. Wewe ulisikia nini?"

"Nilisoma maandishi."

"Lakini maandishi yalikuwa machache, na wewe ulisema mengi."

"Kijapani kinafupisha sana, mwanangu. Neno moja lao, kwetu ni kumi."

Yvette akalipima neno hilo hatua kadhaa.

"Na pale ulipokaa kimya? Alipoangalia kofia?"

"Pale hakusema kitu."

"Ulijuaje kama hakusema?"

Gédéon alimsogeza Bruno vizuri mabegani, akawaambia waharakishe, mama anawangojea.

*

Kesho yake, Jumatatu, Yvette alikuwa anatwanga sombe na mama yake, Sidonie, wakati mgeni alipoegesha pikipiki uani. Alikuwa kijana mnene mwenye miwani ya jua aliyoipandisha juu ya kichwa, na telefone mbili, moja kila mkono.

"Hodi kwa mufasiri! Naitwa Jean-Marie. Niko na kazi Salamabila, kule kwenye dhahabu."

Walimpa kiti, kile kimoja chenye mgongo. Gédéon akaketi juu ya kinu kingine kilichogeuzwa. Jean-Marie alieleza mambo yake vizuri, kama mtu aliyeyaeleza mahali pengi. Kuna Wachina wameleta mashine, wanataka eneo la shimo ambalo wachimbaji wa pale wamelichimba miaka mingi. Siku ya Ijumaa kutakuwa na mkutano. Wachina watasema, wachimbaji watajibu, watu wataweka dole gumba juu ya karatasi. Wachina hawajui Kiswahili na wachimbaji hawajui Kichina.

"Tulileta mufasiri kutoka muji mukubwa, wakamukataa. Wanasema: 'Huyu hatumujui, atatuuza.' Wakasema wanakutaka wewe. Sauti yako iko ndani ya telefone zao zote, Papa. Mutu anatoka shimoni na matope mpaka kwenye shingo, anakaa, anasikiliza filamu zako."

"Kweli?" Gédéon alisema, na Yvette aliona uso wa baba yake unang'aa kabla hajauzuia.

"Miye mwenyewe jana nilikuwa ndani ya ukumbi. Nilikaa nyuma. Filamu haina sauti hata kidogo, na wewe unaitafsiri mpaka watu wanashika tumbo." Jean-Marie alicheka taratibu. "Nikasema: mutu wa namna hii ndiye tunayemutafuta. Bwana Asani anakulipa nini, kwanza? Anakulipa kiti?"

"Hata kiti hanipi. Ninasimama."

Wote wakacheka, hata Sidonie. Kisha Jean-Marie akafungua mfuko wake. Alitoa koti jeusi na viatu vya ngozi, kwa sababu mfasiri hawezi kwenda mbele ya Wachina na kandambili. Akatoa kitenge cha Sidonie, chenye rangi ambayo haijaonekana mtaani. Akatoa mfuko wa sukari kwa watoto. Sidonie aliinua macho, akayatupa juu ya paa lao la majani lililooza upande wa chumba cha watoto, na Jean-Marie akayafuata macho yale.

"Na ukirudi, mabati. Nyumba nzima. Alfajiri ya Jumatano nakuja kukuchukua."

*

Alipoondoka, Sidonie hakurudi kwenye kinu. Alikikunjua kitenge, akakikunja, akakikunjua.

"Papa Yvette. Kichina unakijua?"

"Kidogo."

"Kidogo cha wapi?"

"Cha filamu. Mutu akisikia lugha miaka yote hiyo, inamuingia."

"Miye niko mke wako," Sidonie alisema. "Ile filamu ya panga, uliniambia mwenyewe kitandani, ulisema yule mufalme anauliza bei ya mafuta ya mawese kwa sababu ulikuwa umesahau kuninunulia mawese."

Gédéon alicheka, lakini Sidonie hakucheka. Yvette, aliyekuwa nyuma ya ukuta wa jikoni akichambua mchele, aliacha mkono wake ndani ya ungo.

Kumbe mama anajua. Kumbe mama amejua siku zote. Jambo hilo lilimshangaza Yvette kuliko jambo lenyewe. Aliwaza: kwa hiyo lugha saba ni ngapi? Alitafuta moyoni mwake kama ana hasira na hakuiona bado. Aliona tu shauku, kama ya mtu aliyefungua redio kwa nyuma akaona hakuna watu wadogo ndani.

"Sasa nifanye nini?" Gédéon aliuliza. "Nimurudishie koti? Uliona mabati yale moyoni mwako, nilikuona."

"Niliyaona," Sidonie alikubali. "Mvua inakuja na watoto wanalala juu ya maji. Niliyaona, ndiyo." Akakikunja kitenge tena. "Pengine watatumia maneno ya kawaida tu. Karibu, asante, tumekubaliana. Pengine utaona tu kwa uso."

"Pengine," Gédéon alisema.

Na mchana ule Sidonie alikipeleka kitenge kwa fundi cherehani.

Jioni telefone ililia. Alikuwa Salomon, mdogo wake Sidonie, mchimbaji wa Salamabila. Gédéon aliiweka telefone katikati ya meza, sauti ikafunguliwa ili wote wasikie.

"Shemeji! Ni kweli unakuja?"

"Wanasema hivyo, shemeji."

"Mungu asifiwe! Hapa tangu watuambie ni wewe, watu wamepata usingizi. Lile shimo wanalolitaka ndilo letu, shemeji, ndilo linalotulisha. Tuliwaambia: tuko na mutu wetu, alioa dada yangu, anajua Kichina kama anavyojua njia ya kwao. Sasa tutasikia sisi wenyewe wanachosema. Wakisema watatulipa, tutasikia. Wakisema watatufukuza, tutasikia. Ni hivyo?"

Gédéon aliangalia telefone kama mtu anayeangalia nyoka mezani.

"Ni hivyo, shemeji."

"Yvette iko wapi? Yvette! Papa yako ni mutu mukubwa, umesikia?"

"Nimesikia, mjomba," Yvette alisema.

Baadaye kidogo, jua likiwa bado kwenye miti ya michikichi, alimkuta baba yake chumbani akilijaribu koti. Mikono yake ilitokeza kidogo kwenye vifundo.

"Papa, yule Jean-Marie alikuwa ndani ya ukumbi."

"Ndiyo."

"Aliona filamu haina sauti."

"Kila mutu aliona."

"Sasa kama aliona husikii kitu, na ukasema tu, kwa nini anakutaka wewe?"

Vidole vya Gédéon vilisimama kwenye kifungo. Alimtazama mwanawe ndani ya kipande cha kioo kilichotundikwa ukutani, na Yvette akamwona anafika polepole pale alipokwisha kufika yeye.

"Nenda uteke maji," alisema.

*

Jumatano, kabla jua halijapanda, mtaa mzima ulikuwa uani. Habari kama hiyo haikai ndani ya nyumba. Walikuja kumsindikiza mtu wao anayekwenda kusema na Wachina. Bwana Asani pia alikuja na uso wa msiba, kwa sababu hakujua atafanya nini Jumapili.

Gédéon alitoka na koti lake na viatu vyake, na watu wakapiga makofi. Jean-Marie alikuwa tayari juu ya pikipiki, akisafisha miwani yake kwa ncha ya shati. Sidonie alimpa mume wake mihogo iliyochemshwa, imefungwa ndani ya jani, bila kumwangalia machoni.

"Papa!" Bruno alipiga kelele kutoka mikononi mwa Mama Mathilde wa nyumba ya pili. "Sema Kichina!"

"Ndiyo, sema Kichina!" watu wakadakia. "Tuagane kwa Kichina!"

Gédéon alitabasamu. Ilikuwa kazi yake. Mdomo ulikwenda wenyewe. Alitoa mfululizo wa sauti za kupanda na kushuka, zikiishia puani, akainama kidogo. Watu wakashangilia. Mama Mathilde akasema angeweza kulia.

Yvette alisogea mpaka akafika mbele yake. Hakukusudia kumwaibisha. Ukweli ni kwamba tangu Jumapili maswali yalikuwa yanafuatana kichwani mwake kama watoto wanaofuata ngoma, na hili lilikuwa linafuata tu.

"Papa, sema tena," aliomba. "Vilevile."

"Sema tena!" watu wakacheka.

Gédéon akafungua mdomo. Sauti zilitoka, zikapanda, zikashuka, zikaishia puani.

"Siyo hivyo ulisema!" Bruno alilia kwa furaha, akidhani ni mchezo. "Mara ya kwanza ulisema ingine!"

Kicheko kilikuwa kikubwa. Gédéon hakucheka. Alikuwa anamtazama Yvette, na Yvette alikuwa anamtazama yeye, bila hasira, kwa macho yaliyofunguka sana, akingojea kujua. Hakuna kitu kizito duniani kama mtoto anayengoja hivyo. Gédéon aliutoa mguu wake aliokwisha kuupandisha juu ya pikipiki.

"Sijui Kichina," alisema.

Watu wakacheka zaidi.

"Sijui, jamani. Wala Kihindi. Wala Kiingereza. Kijapani ndiyo kabisa."

"Huyu Gédéon!" mzee mmoja alipangusa macho. "Anaogopa barabara ya Wamaza ya kwenda Salamabila, anatafuta sababu!"

"Nasema kweli. Zile filamu, ninaangalia watu, ninatunga."

"Na yule jenerali?" mtu aliuliza, bado anacheka.

"Nilimtunga."

"Na bibi harusi na mama mukwe wake?"

"Mama mukwe ni jirani yetu wa zamani. Nilimtia mule."

Kicheko kikaanza kupungua, mtu mmoja mmoja, kama mvua inayohama. Mama Mathilde akamteremsha Bruno chini.

"Gédéon," alisema kwa sauti ndogo, "mutoto wangu wa mwisho nilimupa jina la yule askari shujaa. Chenda. Ulisema katika Kichina maana yake ni asiyeshindwa."

"Samahani, mama."

"Chenda uliitunga?"

"Niliitunga. Samahani sana."

Hapo ndipo watu walipomwamini. Jean-Marie akashuka kwenye pikipiki. Hakuwa amekasirika. Alimkaribia Gédéon, akamwekea mkono begani kama ndugu, akasema chinichini, lakini Yvette alikuwa karibu na alisikia neno kwa neno:

"Nani alikuuliza kama unakijua? Panda."

"Ningewaambia nini wale watu?"

"Ungeangalia uso wangu. Kama ulivyoangalia picha. Ni kazi ileile."

Gédéon alitikisa kichwa. "Siyo ileile. Kwa Bwana Asani, filamu ikiisha watu wanarudi nyumbani kwao."

Mkono wa Jean-Marie ukatoka begani. Akavaa miwani yake. "Koti," alisema, sasa kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Na viatu."

Gédéon alivua koti pale pale, mbele ya mtaa, akabaki na fulana iliyotoboka kwapani. Akainama, akafungua kamba za viatu. Kamba ya mguu wa kushoto ilikuwa imefungwa fundo baya na ilimchukua muda, na watu walitazama pembeni ili kumsaidia. Sukari ilikuwa imebaki nusu. Jean-Marie akaupima mfuko kwa mkono, akaangalia Bruno, akautia kwenye begi. Bruno akaanza kulia.

"Kitenge."

"Kiko kwa fundi," Sidonie alisema. "Kimekatwa."

"Kilete kama kilivyo."

Sidonie alikwenda, mgongo wake umenyooka. Alirudi na vipande: mkono mmoja wa blauzi, mgongo, kola, na kitambaa ambacho hakijaguswa. Alimkabidhi kimoja kimoja. Jean-Marie alivipokea vyote, hata kola, akavikunja kwa uangalifu, akawasha pikipiki. "Wafasiri ni wengi," alisema, akaondoka, na vumbi lake likabaki uani muda mrefu kuliko alivyokaa yeye.

"Umeniua, Gédéon," Bwana Asani alisema. "Kwa nini hukunong'ona? Kwa nini ulisema mbele ya watu?"

Gédéon alikuwa ameketi juu ya kinu, miguu mitupu. Sidonie alisimama mbele yake, na Yvette alidhani mama atamgombeza kwa ajili ya mabati. Badala yake alitoa telefone kwenye fundo la nguo yake, akabonyeza, akampa.

"Mwambie mdogo wangu," alisema. "Yeye bado anakungoja."

Salomon alipokea mara moja. Nyuma yake zilisikika sauti za watu wengi na koleo zikigonga mawe. "Shemeji! Mumeshatoka?"

Gédéon alimwambia. Hakupamba. Mtaa mzima ulisikiliza, na upande wa pili koleo ziliacha kugonga moja baada ya nyingine, kwa sababu kule nako sauti ilikuwa imefunguliwa.

"Unacheza, shemeji," Salomon alisema mwisho.

"Sichezi."

"Ile filamu ya yule mzee anayekwenda vitani. Anamwambia mke wake: 'Mihogo ikikomaa nisiporudi, kula, usiningoje.' Hakusema hivyo?"

"Alisema kitu. Sijui ni nini."

"Shemeji, miye nililia pale. Shimo zima lililia."

"Najua. Unisamehe."

Ilipita dakika nzima ambayo mtu alisikika akikohoa, mwingine akitukana kwa Kibangubangu, mwingine akiuliza: amesema nini, amesema nini? Kisha Salomon akarudi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeketi chini.

"Basi njoo hivyo hivyo."

"Nije kufanya nini? Nimekwambia sijui."

"Uje useme hayo. Miye nikiwaambia wale ambao hawako hapa, watasema Salomon anaona wivu, anataka kuharibu. Mwingine ataletwa kesho, atatuambia anajua, na watu wamechoka, wataweka dole. Wewe sauti yako wanaijua. Usimame mbele yao useme: sijui, na huyu pia mumuulize kama anajua. Hakuna mutu anayekuja kusema sijui katika mikutano hii, shemeji. Hata mumoja. Njoo utusaidie hilo. Kisha tutangoja mpaka tupate mutu wa kweli, hata kama ni mwaka."

"Pikipiki imeondoka."

"Miguu je, imeondoka?"

Mtu uani alicheka, na safari hii kicheko hakikumchoma mtu. Bwana Asani alishusha pumzi ndefu ya mtu anayejua atajuta.

"Chukua baisikeli yangu," alisema. "Breki ya nyuma haishiki. Na Jumapili nyingine uwe umerudi, unasikia? Watu watakuja hata kama ni kukutukana tu, na matusi pia wanalipia mlangoni."

*

Walimfungia mihogo nyuma ya baisikeli, na nguo, na kopo la maji. Alivaa kandambili zake. Mama Mathilde, ambaye bado hakuwa amesamehe, alileta karanga ndani ya karatasi, akaziweka juu ya mzigo, akaenda zake akimwita Chenda wake aje anawe uso.

Yvette alishika kiti cha nyuma wakati baba yake anajaza upepo. Alitaka kumwambia jambo na hakuwa nalo tayari. Alichokuwa nacho ni swali.

"Papa, wachimbaji utawaambia kwa Kiswahili. Na Wachina je? Utawaambiaje kwamba hujui lugha yao?"

Gédéon akaacha kupampu. Jambo hilo hakuwa amelifikiria. Aliegemeza baisikeli kwenye nyonga yake, akakuna shavu, akatazama njia ya Wamaza kana kwamba Wachina wamesimama pale wanangoja. Kisha akamgeukia Yvette. Akagusa sikio lake. Akagusa mdomo wake. Akatikisa kichwa polepole, akafungua viganja vyake viwili, vitupu, na kuviacha wazi.

Yvette alitazama mpaka mwisho.

"Sema tena," alisema.

Gédéon akagusa sikio, akagusa mdomo, akatikisa kichwa, akafungua viganja. Ilikuwa ishara ileile, haikuzidi wala kupungua. Yvette akaachia kiti cha baisikeli.